Mkono Haukunjwi na Msuli Mmoja

Kwa takriban mwaka mzima nilinyanyua vyuma nikishughulikia msuli wa mbele ya mkono peke yake, kwa kuwa ndio unaoonekana kwenye kioo. Upungufu wa mazoezi hayo niliutambua siku niliposhindwa kujisukuma kutoka sakafuni zaidi ya mara chache, ilhali kukunja mikono nikiwa na uzito mkubwa hakukunitaabisha. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila anayeanza mazoezi alijue mapema: msuli unaoendesha mfupa huvuta tu, hausukumi kamwe.

Kwa sababu hiyo, mfupa uliovutwa upande mmoja hauwezi kurudishwa na msuli uleule ulioupeleka, bali lazima pawepo mwingine upande wa pili. Bisepsi, yaani ule msuli wa mbele ya mkono, wenye vichwa viwili vinavyoanzia kwenye mfupa wa bega, imeshikizwa kwa kano kwenye radiasi, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, na inapojifupisha kiwiko hukunjika. Trisepsi, yenye vichwa vitatu, iko nyuma ya mkono na imeshikilia ncha ya kiwiko. Ikijifupisha, mkono hunyooka. Chini ya bisepsi umejificha msuli wa brakialisi, ambao ni mkunjaji hodari wa kiwiko ingawa hautajwi sana.

Kinachonivutia zaidi ni mapatano ya misuli hiyo. Bisepsi inapoamriwa kujikaza, neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo huizuia trisepsi, nayo hulegea ili isipingane na mwenzake. Mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, aliuchunguza uzuiaji huo kwa kina. Hata hivyo, misuli yote miwili hujikaza kwa pamoja pale kiungo kinapohitaji uthabiti, kwa mfano unapobeba chombo kilichojaa maji ya moto.

Jaribu mwenyewe. Weka kiganja chini ya meza na uisukume juu, huku mkono wa pili ukipapasa misuli: ya mbele itakuwa migumu na ya nyuma laini. Kisha kandamiza meza kutoka juu, na hali itageuka. Sasa shika jagi lililojaa na ulishushe polepole. Wengi hudhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba trisepsi ndiyo inayolishusha, lakini utakuta bisepsi ndiyo iliyokaza, kwa maana uzito wenyewe unauvuta mkono chini na bisepsi inarefuka huku ikiuzuia usianguke kwa kishindo.

Ugunduzi huo ndio uliobadilisha mazoezi yangu kuliko ushauri wowote niliopewa. Usiache chuma kidondoke baada ya kukinyanyua, kwani ukifanya hivyo unaipoteza nusu ya kazi ya msuli. Kishushe kwa muda wa sekunde 3 hivi hadi mkono unyooke. Kila seti ya kukunja ifuatishe na seti ya kunyoosha, iwe ni pushapu za mikono iliyokaribiana au kunyanyua uzito kutoka nyuma ya kichwa, ukianza na uzito mdogo kwa ajili ya upande uliousahau. Endapo kiwiko kitauma ndani ya kiungo chenyewe na si kwenye nyama ya msuli, simamisha mazoezi na umwone daktari.