Jibu: Udi kumezwa kwenye kipande cha klarineti, fidla na udi

Mkuu, umesema kipande chako cha dakika sita kinasikika safi kwenye kompyuta, lakini mazoezini Upanga, Dar es Salaam, udi (ala ya nyuzi ya Kiarabu) haukusikika. Kabla ya kufuta chochote, angalia ufunguo wa mstari wa udi, ile alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota ziko wapi. Nota za udi huandikwa kwa ufunguo wa G lakini zinasikika oktava moja chini. Kama hukuweka ule ufunguo wenye 8 ndogo chini yake, programu imekuwa ikikupigia udi juu ya mahali pake, ndiyo maana kwenye kompyuta ulisikika.

Sasa tazama sauti zinapokaa. Udi uliofungwa C F A D G C una utamu mwingi kwenye nyuzi za juu, kuanzia D iliyo chini ya C ya kati. Klarineti ya B-flati nayo inaanzia hapo hapo: nota yake ya chini kabisa huandikwa E, inasikika D hiyo hiyo. Eneo hilo la klarineti ni nene, linameza. Halafu udi ukishapigwa risha (kijiti cha kudonolea nyuzi) sauti inaanza kufa papo hapo, wakati wenzake wanashikilia nota mpaka pumzi au upinde uishe. Kwa hiyo udi ukibeba wimbo, inyamazishe klarineti, au ipe nota moja ndefu juu ya wimbo, kwa sauti ya chini. Fidla idonoe kwa kidole. Kuandika tu "p" (piga taratibu) kwa wote watatu hakutoshi, lazima upunguze nota zenyewe. Mimi ningeandika mstari wa udi wote kwanza, wengine wafuate.

Doh unayochagua, yaani nota ya msingi, ina uzito. Maqamu (ngazi ya nota ya Kiarabu) ya Hijazi au Nahawandi inayoanzia D inaacha nyuzi wazi za D, G na A zivume, udi unapata mwili. Ukipanda E-flati karibu kila nota inakanyagwa kwa kidole na sauti inakauka. Usiupe udi kodi nzito za piano, yaani nota nyingi kwa pamoja. Besi moja iliyo wazi na wimbo juu yake inatosha.

Maqamu za Rasti na Bayati zina robo toni, yaani nusu ya nusu toni. Udi na fidla hazina vikwazo (freti) shingoni, hawana shida. Klarineti inahitaji vidole maalumu na midomo, kwa kasi itapotoka. Sehemu hizo waachie wawili, klarineti ipumzike, na msikilizaji ataipokea vizuri ikirudi.

Karatasi ya klarineti ipandishe toni moja: D ndogo (D minor) inakuwa E ndogo. Dakika sita kwa mapigo 72 kwa dakika ni vipimo 108 vya mapigo manne manne, hivyo karatasi zitageuzwa; weka kimya cha vipimo viwili mwisho wa ukurasa. Alama za pumzi ziandike mwenyewe.

Na joto la Dar lina kazi yake: klarineti inapanda, nyuzi zinalegea na kushuka. Mpiga klarineti apulize kwanza mpaka chombo kipate moto, ndipo wenye nyuzi wafunge kwa A yake, feni au AC ikiwa katika hali ile ile itakayokuwepo wakati wa kupiga. Nyuzi nyingi za udi ziko mbili mbili, kwa hiyo utengee dakika za kutosha.