Bwawa la Kina Kirefu: Lipe Hewa Bila Kuyakoroga Maji ya Chini

Msomaji mmoja wa Kitengela ameniandikia kwamba ngege wake walikufa Julai, siku chache baada ya fundi kumwekea kipuliza hewa kwenye sakafu ya bwawa. Ujumbe huo umenitonesha kidonda, kwa maana fundi aliyenijia kule Njiru, ninakofuga samaki katika timbo la mawe lililojaa maji, alinishauri vivyo hivyo, na nilipokataa akatamka mbele ya vijana wangu kwamba mwanamke hajui mitambo. Ngege wangu wako hai hadi leo.

Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeyapima maji. Nilifunga jiwe kwenye chupa, nikaishusha hadi chini, kisha nikakivuta kizibo kwa kamba yake. Juu palikuwa na nyuzi 24, chini nyuzi 19, na maji ya chini yalinuka yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, inayotokea pasipo na oksijeni, mahali ambapo matope nayo huachilia amonia na fosforasi. Viputo vikitokea sakafuni huyabeba maji hayo hadi juu, samaki wakavuta sumu, mwani ukapata mbolea, na bwawa zima likapoa. Sisi wa Nairobi, tulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, hatuna joto la kupoteza, kwani ngege hunawiri kwenye nyuzi 25 hadi 30 na chini ya 20 hula kidogo mno.

Njia yangu ina asili ya mbali: huko Ziwa Bret, Uswisi, maji ya chini yalikuwa yakivutwa, yakipewa hewa na kurudishwa kilindini tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwangu, paipu pana imesimama wima, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya matope ili isiyavute. Kompresa iliyo ukingoni husukuma hewa ndani yake. Maji yenye viputo huwa mepesi, hupanda hadi kwenye sanduku linaloelea, hewa hutoka, kisha maji hushuka kwa paipu ya pili hadi kwenye tabaka lile lile la baridi bila kuchanganyika na maji ya joto. Mdomo wa kurudishia uelekezwe kando, na maji yatoke polepole.

Ndugu zangu, pimeni kabla ya kununua. Fundi asiyeuliza kina cha bwawa msimpe pesa zenu, kwa sababu kila mita 10 za maji hudai takriban baa 1 ya shinikizo. Anzeni Februari, jua likiwa kali, ili baridi ya katikati ya mwaka itakapoyachanganya maji yenyewe, chini pasiwe na sumu ya kupanda. Kisha shusheni kipimajoto kila juma mahali pale pale. Maji ya chini yakianza kukaribia joto la juu, hewa imezidi, na valvu inapaswa kukazwa siku hiyo hiyo.