Boti ya kuogopa zaidi ni ile uliyokuja nayo

Mkuu, umeuliza jambo ambalo wengi huliuliza baada ya kuponea chupuchupu. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu amemaliza kozi ya kuzamia kwa mtungi juzijuzi, na katika mbizi yake ya tatu baharini, akiwa mita 5 anasubiri zile dakika 3 za mwisho kabla ya kuibuka, alisikia injini ikipita juu yake na hakujua iko upande gani. Boti yao ilikuwa imepandisha bendera ya wazamiaji. Anauliza kama bendera inatosha, na afanye nini siku nyingine.

Nimezamia miaka mingi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa msaidizi wa nahodha, kazi yangu ikiwa kupokea watu ngazini. Kwa hiyo nimekuwa yule aliye majini akitazama juu, na nimekuwa yule aliye juu akitafuta vichwa kwenye mawimbi. Bendera haitoshi. Ipandisheni kila siku, lakini usiibuke kwa kuitegemea hiyo.

Kwanza hilo la sauti, maana naona limekusumbua. Masikio yako hayana kasoro. Hewani tunajua sauti inatoka wapi kwa sababu inafika sikio moja kabla ya jingine, na ubongo unaipima tofauti hiyo ndogo. Hewani sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Majini ni kama 1,500, zaidi ya mara nne. Ile tofauti kati ya sikio na sikio inakuwa ndogo mno, ubongo unashindwa kuisoma, na injini unaisikia kama imekuzunguka pande zote. Kwa hiyo ukisikia injini usipoteze muda kutafuta upande. Sauti inakwambia jambo moja tu la kuaminika: inaongezeka au inapungua. Ikiongezeka, baki chini. Kama hewa yako inaruhusu, ongeza dakika mbili au tatu hapo mita 5, hata ushuke kidogo, mpaka ipungue na kupotea kabisa. Na jahazi au mashua inayokwenda kwa tanga huisikii kabisa, hivyo kutazama juu hakuachwi hata kama bahari ni kimya.

Wanatufundisha: tazama juu, zunguka, nyoosha mkono, panda. Ni sawa, lakini piga hesabu uone kunakufikisha wapi. Ukipanda mita 9 kwa dakika, zile mita 5 za mwisho zinakuchukua kama sekunde 33. Boti inayokimbia kilomita 54 kwa saa inakwenda mita 15 kila sekunde. Katika muda wako wa kupanda imekata karibu nusu kilomita. Ulipotazama ukiwa mita 5, boti ya kukugonga ilikuwa bado haijafika machoni pako. Ndiyo maana lazima uendelee kutazama na kusikiliza njia nzima, na ukishatoa kichwa ugeuke mduara mzima mara moja, kabla ya kuongea na mtu, kabla ya kugusa miwani.

Sasa bendera. Zipo mbili mtakazoziona: nyekundu yenye mshazari mweupe, na ile ya kimataifa ya nyeupe na buluu yenye pembe mbili, inayosema chombo hiki kina mzamiaji majini, kaa mbali na uende polepole. Katika jimbo la Florida huko Marekani sheria inamtaka nahodha ajitahidi kukaa futi 300, kama mita 90, kutoka kwenye bendera ya wazamiaji akiwa bahari wazi. Kwa kasi ile niliyotaja, mita 90 ni sekunde 6. Na hapo tumechukulia kwamba nahodha anaijua bendera hiyo. Wengi wanaoendesha boti za matembezi hawaijui. Tena bendera inaonyesha boti ilipo, haionyeshi wewe ulipo. Mkondo ukikusukuma mita 200, uko nje ya ulinzi wake.

Hata eneo lililotengwa haliondoi hatari. Mwimbaji wa Uingereza Kirsty MacColl alifariki tarehe 18 Desemba 2000 huko Cozumel, Mexico, akiibuka na wanawe kwenye eneo la wazamiaji ambalo boti za kasi hazikuruhusiwa kuingia. Boti iliingia. Alimsukuma mwanawe pembeni, yeye akagongwa. Walikuwa na kiongozi mzoefu. Kila nikikumbuka hilo narudi kuangalia boya langu.

Boya basi. Lile la kurusha kutoka chini ndilo linalosema “kuna mtu hapa”, nami nisingezamia baharini bila hilo. Lirushe ukiwa mita 5 au chini zaidi, usingoje uibuke. Kamba iwe imekazwa. Ikilegea, boya linalala juu ya maji na kutoka kwenye boti huoni kitu, mnaona wenyewe mkipanda. Na hili nalisema kwa msisitizo: kamba usiifunge mwilini wala kwenye jaketi ya kuelea. Ishike mkononi, kwa namna ambayo ukifungua vidole inaondoka. Propela ikiishika kamba inaizungusha na kuivuta, na aliyefungwa nayo anavutwa hadi kwenye propela. Kigurudumu cha kamba utanunua kingine.

Nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Boti ngeni inakupitia mara chache. Boti yenu unaikaribia kila mbizi, ukiwa umechoka, miwani ina ukungu, na mawazo yako yameshapanda ngazi.

Siku moja tuliibuka watu wanne karibu na boti yetu, injini mbili za nyuma, mawimbi ya kawaida. Nahodha aliweka nyutro, yaani injini inawaka bila gia, akageuka kumsaidia abiria aliyekuwa anatapika. Msaidizi akatupungia tuje. Injini ya kushoto ilikuwa nyutro kweli. Wenzo wa gia wa injini ya kulia ulikuwa umebaki mbele kidogo tu. Nikiwa nasubiri zamu nilihisi pezi la mguu wa kulia limevutwa, mara moja, kama mtu amelishika akaliachia. Sikuelewa mpaka nilipolivua juu ya sitaha. Lilikuwa na mikato mitatu iliyo sambamba, imeachana kwa upana wa vidole viwili, kingo zake safi kana kwamba limekatwa kwa wembe. Kutoka mkato wa juu hadi mahali vidole vya mguu wangu vinapoishia ilikuwa shibiri moja.

Injini ilikuwa kwenye mizunguko ya chini kabisa. Chukua mizunguko 700 kwa dakika, gia ikaipunguza kwa nusu: propela inazunguka karibu mara 6 kwa sekunde, na yenye panga tatu inakata mara 18 hivi. Mikato yangu mitatu ilikuwa sehemu ya sita ya sekunde. Huna muda wa kuvuta mguu.

Tangu siku ile sikaribii tezi, yaani nyuma ya boti, mpaka injini zimezimwa. Nyutro kwangu si kuzima. Propela inaweza kuendelea kuzunguka polepole ikiwa nyutro, na mtu akiuegemea ule wenzo imeshaingia gia. Nahodha azime, aseme kwa sauti kwamba amezima, ndipo msaidizi atoe ishara. Hilo zungumzeni kabla ya kuondoka, mkiwa bado wakavu, na usione haya kuuliza: “Nahodha, wakati wa kutupandisha unazima au unaweka nyutro?” Anayekasirishwa na swali hilo, mimi siendi naye.

Kuna mahali hawezi kuzima, mathalani karibu na miamba mawimbi yakiwa makali. Hapo boti iburute kamba ndefu yenye boya, wazamiaji waishike mbali na tezi, na avutwe mmoja mmoja mambo yakitulia. Boti isirudi nyuma kuelekea watu. Haijalishi ni umbali gani, isirudi. Kwa wanaoshika usukani: ukikiona kichwa ubavuni kwako karibu mno, kata usukani kuelekea upande huo huo alipo mtu, tezi itamkwepa, kisha ondoa gia. Ukikata kumkimbia unamletea propela.

Mkiwa mmetia nanga mambo ni mepesi: pandeni kwa kufuata kamba ya nanga, mtokee upande wa omo, yaani mbele ya boti, mkae hapo mpaka muitwe. Asisubiri mtu chini ya ngazi wakati mwingine anapanda. Tezi inayopanda na kushuka na wimbi inavunja mfupa hata injini ikiwa imelala.

Ukiwa juu ya maji, regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, ibaki mdomoni na miwani usoni mpaka uko ndani ya boti, na mtungi ubaki na hewa, bar 50 angalau kwenye geji ya hewa. Sababu ni hii: boti ikikujia, njia yako ni chini. Lakini jaketi iliyojaa hewa haizami kwa kutamani. Inabidi uitoe hewa yote, utoe pumzi, ndipo uanze kushuka, na hilo linachukua sekunde kadhaa. Kwa hiyo ikiwa mbali piga filimbi, inua boya, pigapiga maji. Ukiona haigeuki, anza kushuka, usingoje ujue kama nahodha amekuona.

Na boti iwe na vifaa vya kuzuia damu mahali ambapo kila mtu anapajua. Jeraha la propela linatoa damu kwa kasi. Kandamiza kwa nguvu. Kama ni mkono au mguu na haikati, funga mkanda wa kuzuia damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo, uandike saa uliyofunga, usiulegeze mpaka afike kwa wahudumu wa afya. Mpe oksijeni, mfunike asipate baridi, na uwaambie alikuwa anazamia na alipanda kwa kasi gani, maana huenda ana matatizo mawili kwa wakati mmoja: jeraha, na madhara ya kupanda haraka kutoka chini.

Kwa wewe binafsi, mkuu, kabla ya mbizi ya nne mwombe mwalimu akupe saa moja mahali penye kina cha mita 5 au 6, maji yaliyotulia, boti hazipiti, mrushe boya tu. Mimi ilinichukua kama mara kumi kulirusha bila kupandishwa nalo.