Supakondakta inapimwaje? Majibu ya maswali yenu

Mwalimu shikamoo, kwanini tabaka jembamba la supakondakta linapimwa kwa waya nne wakati testa ina mbili tu? (Iringa)

Marahaba. Supakondakta ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha kinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Testa inapima vyote kwa mkupuo, waya zake, pale ncha zinapogusa, na kitu chenyewe. Kwa hita haina shida, ila hapa tunatafuta ukinzani sifuri, na mguso wenyewe unaweza ukawa na ukinzani wa ohm nzima, utapima mguso udhani umepima tabaka la nanomita 100. Kwahiyo waya mbili za nje zinapitisha umeme, mbili za ndani zinasoma volti tu, na kwa vile umeme haupiti humo mguso wake hauharibu kitu. Alafu geuza mwelekeo wa umeme upime tena, maana viungio vyenye joto tofauti vinazaa volti ndogo za uongo. Watu wanairuka hii hatua na inaniuma sana.

Baridi ya Makete haitoshi kuipoza supakondakta? (Njombe)

Hata ile ya Julai inayoacha barafu kwenye nyasi bado mbali mno ndugu yangu. Mwaka 1911 kule Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Kamerlingh Onnes alishusha zebaki mpaka kama nyuzi -269 ndo ukinzani ukapotea. Afadhali ikaja 1987, ilipopatikana supakondakta ya YBCO, yenye itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, yenyewe inaanzia kama -180, na naitrojeni iliyo kimiminika iko -196 so inatosha. Ukiwa Tukuyu ukamwona mtaalamu wa uhimilishaji anafungua mtungi wa mbegu za ng'ombe, ule moshi mweupe unatokana na naitrojeni hiyohiyo!

Na heliamu ya Rukwa? (Songwe)

Gesi ya heliamu ikiwa kimiminika ndiyo inayopoza sumaku za supakondakta kwenye mashine za MRI, zile za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili. Habari za Rukwa zilitangazwa 2016.

Lile jiwe la Korea la 2023 mbona lilikuwa linaelea? (Mbeya mjini)

Hilo ni LK-99, lililodaiwa kuwa supakondakta kwenye joto la kawaida. Kuelea nusunusu hata sumaku ya kawaida inaweza, mdogo wangu. Ushahidi ni viwili pamoja: ukinzani sifuri, na kufukuza uga wa sumaku kama wanafizikia Meissner na Ochsenfeld walivyoona 1933. Tena kabla ya yote piga eksirei ujue ndani kuna nini, maana lile lilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo ikipoa mpaka kama nyuzi 104 inabadili mpangilio wake na ukinzani unaporomoka ghafla, ndo watu wakashangilia. Wengine walipotengeneza fuwele safi isiyo na salfa, haikupitisha umeme kabisa.