Shangazi, nilimwapia simwambii mtu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie ni ticha wa malezi sekondari moja hapa Tanga mjini, bado mgeni kazini. Nina binti wa kidato cha pili, miaka 15, kutwa na sweta, joto lote hili la mwezi wa pili hata mkono hakunji. Juzi baada ya vipindi kanifata, akasema ticha niapie kwanza humwambii mtu, nami nikaapa, ndo akakunja sweta, mikono imechanjwa na wembe, makovu mapya juu ya ya zamani. Afu akasema baba wa kambo anamuingilia mama akishaenda sokoni alfajiri, na yeye kashanunua sumu ya panya kaificha. Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza usingizi sipati. Ushauri si siri jamani?
Ticha, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe tulishakupigia simu siku ileile, hili halikuwa la kungoja gazeti, ila naliandika na hapa manake maticha wengi wanakwama palepale.

Ushauri ni siri ndio, ila siri yenye mpaka. Mtoto akitaka kujidhuru, akidhuriwa na mtu, au akipanga kumdhuru mwingine, hapo hunyamazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa akaripoti serikali za mitaa, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Yeyote, hata muuza mihogo wa getini, sembuse ticha wa malezi.

Lakini usimzunguke. Anza kwa binti mwenyewe, leoleo, umwambie: mwanangu, niliapa kabla sijajua uzito wake, hili siliwezi peke yangu, tunakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, nitamwambia la baba na la sumu, ya kwako mengine yanabaki kwangu. Mpe na la kuchagua, aseme yeye au useme wewe, nani akae naye. Muulize wazi sumu iko wapi, aitoe (kumuuliza mtu habari ya kujiua hakumtii wazo, hiyo hofu ya watu wazima tu) na mpaka hapo asiachwe peke yake wala asirudi kulala nyumba ile. Mkishaonana na ustawi nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama kuingiliwa hakujapita saa 72 basi hospitali ya Bombo kwanza, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina saa zake hizo.

Baba usimwite shuleni eti muongee kiutu uzima, atajua siri imetoka na binti ndo atakayelipa. Mama naye waachie ustawi, wako watakaomkumbatia mtoto na wako watakaosema usituaibishe, kisha kikao cha ukoo, faini, yamekwisha, na mwanamume bado yumo ndani. Na ofisi ya walimu je? Huko hata jina lake lisifike. Mwenzio akikuuliza vipi yule wa sweta, jibu namsaidia, basi.

Siku nyingine mpaka uutaje kabla mtoto hajafungua mdomo: ya kwako nayatunza, ila nikiona uhai wako uko hatarini nitatafuta mtu wa kutusaidia, na wewe utajua kabla yake. Wapo watakaoinuka waende zao, wengi watarudi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, anavuta bangi, nampeleka kwa mshauri kila wiki, nauli yangu, nikiuliza kasema nini naambiwa ni siri. Haki hiyo?
Mama wa Makorora

JIBU: Haki, mama, ingawa najua inauma. Muulize mshauri mambo mawili tu, yuko salama, na mie nyumbani nifanye nini. Akiona hatari ni wajibu wake kukwambia. Mtoto akijua kila neno linafika jikoni kwako jioni, wiki ijayo atakaa kimya au atatunga uongo. Bangi ukiikuta mfukoni mwake wakati unafua, muulize mwenyewe, hiyo mshauri haimhusu.