Umepata uraia wa Ujerumani? Lijue jimbo lako kabla ya kupiga kura

Tangu sheria mpya ya uraia ianze kutumika Juni 2024, Wakenya kadhaa ninaowajua hapa Berlin wamechukua pasipoti ya Ujerumani bila kuiacha ya nyumbani. Uchaguzi ukikaribia, simu haipumziki: tunapiga kura vipi, na tumpe nani? Hilo la pili silijibu, kila mtu na dhamiri yake. La kwanza nalijibu kwa swali: uko jimbo gani? Wengi hunitajia mtaa wanaokaa, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, maana mtaa ni kitu kimoja na jimbo la uchaguzi, lile linalochagua mbunge mmoja, ni kingine.

Chukua jimbo langu mimi. Linaitwa Berlin-Friedrichshain-Kreuzberg – Prenzlauer Berg Ost. Ndiyo, jina lote hilo. Limeunganisha vipande vitatu vya mji ambavyo kabla ya 1990 visingeweza kumpigia kura mtu mmoja. Kreuzberg ilikuwa Berlin Magharibi, imebanwa na Ukuta wa Berlin uliougawa mji. Friedrichshain na Prenzlauer Berg zilikuwa Mashariki, chini ya serikali ya kikomunisti. Ukitaka kuliona jimbo kwa macho badala ya ramani, nenda daraja la Oberbaumbrücke juu ya mto Spree. Upande wa Friedrichshain kuna kipande cha Ukuta kilichobaki, East Side Gallery, zaidi ya kilomita moja ya michoro. Ukivuka tu unaingia Kreuzberg, na barabara ya kando ya mto pale inaitwa May-Ayim-Ufer, kwa heshima ya mshairi Mjerumani mwenye asili ya Ghana. Hadi 2010 ilikuwa na jina la von der Groeben, yule aliyejenga ngome ya watumwa kwenye pwani ya Ghana ya leo. Tembea pale na watoto, wasomee kibao.

Watu wa Kreuzberg, pamoja na uhuru wao wote wa Magharibi, hawakuwa wakichagua wabunge wa Bundestag, bunge la taifa, moja kwa moja. Berlin Magharibi ilikuwa chini ya mataifa matatu yaliyoshinda vita, kwa hiyo wabunge wake waliteuliwa na baraza la jiji, na bungeni kura zao hazikuwa na uzito kamili. Ng'ambo ya mto watu walipiga kura, lakini karatasi ilikuwa na orodha moja tu iliyokwisha kupangwa. Uchaguzi wa kwanza wa Bundestag ambao pande zote mbili zilishiriki kikamilifu ni wa tarehe 2 Desemba 1990. Hata hapo hawakuwa jimbo moja: Kreuzberg iliwekwa pamoja na Schöneberg, na Friedrichshain pamoja na Lichtenberg.

Mambo yalibadilika 2002. Bunge lilipunguza majimbo kutoka 328 hadi 299, Berlin ikapoteza moja na kubaki na 12, na mipaka ikachorwa upya. Jimbo langu lilizaliwa hapo. Chama cha PDS, warithi wa wakomunisti, ndicho kilichoumia. Mwaka 1994 na 1998 kilishinda majimbo manne ya Berlin Mashariki, na mwaka 1994 hayo manne ndiyo yaliyokiingiza bungeni ingawa hakikufikisha asilimia 5 ya kura inayotakiwa nchi nzima, kwa sababu sheria inasema ukishinda majimbo matatu unapita. Baada ya 2002 baadhi ya ngome hizo zilikuwa zimekatwakatwa na kuchanganywa na mitaa mingine. PDS ikapata asilimia 4 nchi nzima na viti viwili vya majimbo. Wabunge wawili tu, Petra Pau na Gesine Lötzsch. Mipaka si sababu pekee, chama chenyewe kilikuwa kimechoka, lakini asikwambie mtu kwamba uchoraji wa mipaka ni kazi ya makarani isiyohusu siasa. Sisi tuliotoka Kenya hilo hatuhitaji kufundishwa.

Na nani alinufaika? Hans-Christian Ströbele wa chama cha Kijani, wakili mzee wa mvi na baiskeli. Wenzake wa Berlin walimnyima nafasi ya uhakika kwenye orodha ya chama, ile inayokuingiza bungeni bila kushinda jimbo. Akasema sawa, nitaomba kura za jimbo. Kampeni yake ilimshambulia waziri wa mambo ya nje wa chama chake mwenyewe, Joschka Fischer: mchagueni Ströbele, mumtese Fischer. Akashinda, na kuwa mbunge wa kwanza wa Kijani kuwahi kushinda jimbo Ujerumani nzima. Akarudia 2005, 2009 na 2013. Baada yake Canan Bayram, wa Kijani pia, akashinda 2017 na 2021. Februari 2025 kiti kikaenda kwa Pascal Meiser wa Die Linke, chama kilichotokana na ile PDS. Mtu anayeniambia hili ni jimbo la Kijani milele namwonyesha huo mstari wa mwisho.

Sasa jambo linaloniuma kidogo. Sheria inapopima ukubwa wa jimbo, huhesabu Wajerumani peke yao. Jimbo likizidi au kupungua kwa zaidi ya robo ukilinganisha na wastani, lazima mipaka ichorwe tena. Mgeni hahesabiwi kabisa, awe amekaa miezi miwili au miaka arobaini. Jirani yangu, mama wa Kituruki aliyekuja kama kibarua miaka ya sabini, amelea watoto na wajukuu karibu na Kottbusser Tor na hajawahi kushika karatasi ya kura ya Bundestag. Kwa hesabu ya jimbo, hayupo. Ndiyo maana nikisikia mtu ana haki ya uraia na anasitasita kwa uvivu wa fomu, namsukuma.

Turudi kwenye karatasi ya kura yenyewe. Ina safu mbili. Ya kushoto, nyeusi, ni kura ya kwanza: unamchagua mtu wa jimbo lako. Ya kulia, ya buluu, ni kura ya pili: unachagua chama, na hiyo ndiyo inayoamua kila chama kipate viti vingapi. Msijichanganye na majina. Kura ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, na tangu mageuzi ya 2023 nguvu hiyo imezidi. Bunge sasa lina viti 630, mwisho. Chama kikishinda majimbo mengi kuliko viti kinavyostahili kwa kura za pili mkoani, washindi wenye asilimia ndogo zaidi wanabaki nje. Mwaka 2025 watu 23 waliongoza katika majimbo yao na hawakuingia bungeni, mmoja wao Volker Ullrich wa CSU, chama cha Bavaria, huko Augsburg. Kwetu hapo pangewaka moto. Huku walilalamika kwenye magazeti, basi.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya kutoa kura ya kwanza, tazama matokeo ya jimbo lako ya chaguzi mbili tatu zilizopita. Ofisi ya uchaguzi ya taifa huyaweka kwenye tovuti yake bure. Kama wanaoweza kushinda ni wawili, unajua unaamua kati ya nani na nani. Kura ya pili mpe unayemwamini, bila hesabu za jimbo.

Ukishamchagua, usimwendee na maombi ya Kikenya. Mbunge wa hapa hana CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo. Hana basari ya mtoto wala pesa za harambee. Ana ofisi ya jimbo, na siku za kuonana na wananchi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya viza ya ndugu iliyokwama. Kijana wa ofisini alisikiliza, akaandika, akanieleza kwa upole kwamba wanaweza kuuliza lakini hawawezi kuamuru. Nenda na nakala za barua zote na namba ya faili, si hadithi tu. Na jua kwanza shida yako ni ya nani: uraia na vibali vya kukaa viko kwa ofisi za jiji hata kama sheria imetungwa Bundestag. Wa upande wa mashariki wa Prenzlauer Berg wana kichekesho chao: bungeni wako na Kreuzberg, lakini kwa mambo ya manispaa wako chini ya Pankow.

Kuhusu kujiandikisha, hakuna foleni. Ukiwa raia, una miaka 18 na umesajili anwani yako, barua ya mpiga kura inakuja yenyewe, na ndani yake kuna kituo chako na namna ya kuomba kura ya posta. Shida ni kwa wanaohama. Kinachohesabiwa ni anwani uliyosajiliwa siku ya 42 kabla ya uchaguzi. Kusini mwa Kreuzberg mpaka wa jimbo unapita barabara ya Hasenheide. Ukivuka uko Neukölln, mahali barabara ya Wissmann, gavana wa kikoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, ilipogeuzwa kuwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wa Tanzania, mwaka 2021, na Neukölln ina mbunge wake. Ukihamia huko wiki tatu kabla ya kura, bado utapiga kura Kreuzberg, kituo cha zamani. Barua ikipotea njiani usikae nyumbani: nenda na kitambulisho au pasipoti ya Ujerumani. Ya Kenya iache kabatini.