Tribulum: ni jembe?

Swali: Natafsiri makala kuhusu kilimo cha Warumi wa kale, nimekwama kwenye neno la Kilatini *tribulum*. Mwenzangu ameandika "jembe". Tena nilisikia mahubirini kwamba "dhiki" imetokana na chombo hichohicho. Ni kweli?

Jibu: Jembe lifute. Jembe ni la kulimia, na *tribulum* huanza kazi mavuno yakishafika uwanjani. Varro, aliyeandika kuhusu kilimo mwaka 37 KK, anaieleza: ubao uliotiwa mawe au chuma upande wa chini ili ukwaruze, juu yake anapanda mwendeshaji au unawekwa mzigo mzito, wanyama wa nira wanauburuta juu ya masuke mpaka punje zinatoka.

Kinachosumbua ni kitenzi. Ukisema "kupura" mtu anaona fimbo: mpunga umewekwa juu ya turubai, vijana wanaupiga huku jasho likiwatoka. *Tribulum* haipigi. Inasugua na kukatakata. Jina lenyewe linatokana na *terere*, kusugua. Hata hivyo mimi ningebaki na "kupura", maana wasomaji wameshaizoea kwenye Biblia. Isaya 41:15 ina "chombo kikali kipya cha kupuria, chenye meno", na mstari huohuo unaendelea: "utaifikicha milima". Fikicha! Mfasiri yule alijua kinachotendeka chini ya ubao.

Basi andika "ubao wa kupuria". "Kipurio" nalo limeundwa vizuri, kama kikaangio na kifutio, ila lieleze pale linapotokea mara ya kwanza, la sivyo msomaji atadhani ni ile fimbo.

Kuhusu dhiki, mhubiri amechanganya lugha. Ni Kilatini kilichozaa *tribulatio*, yaani mateso, kutokana na *tribulum*. Waandishi wa Kikristo walimwona mtu akisuguliwa kama ngano. Dhiki yetu imetoka Kiarabu, na asili yake ni wembamba, kukosa nafasi. Kwenye Warumi 5:3 Paulo aliandika kwa Kigiriki *thlipsis*, kubanwa. Kwa hiyo neno letu linamkaribia Paulo kuliko lile la Kilatini, na halina ng'ombe wala ngano ndani yake.

Angalia pia herufi ya mwisho. *Tribulus* ni mbigili, ile miiba inayotuchoma nyayo, na jina lake ni la Kigiriki, "yenye ncha tatu". Ukiteleza hapo, ng'ombe wa Varro watakuwa wanaburuta mbigili.